Mama na Kiti cha Mbele

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, vuli ilipokuwa inakaribia, gari linanguruma nje ya nyumba yetu pale Kibiti, chakula kimeshapakiwa, kaka zako wameshapanda, na safari nzima imekwama kwa sababu mama yangu, bibi yako Bi Zuhura, amekataa kukaa kiti cha mbele.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulinipigia simu ukasema Jumamosi mnakuja na mumeo kunichukua twende Kilwa kutazama bahari, na ukacheka ukasema, "Mama atakaa mbele kama malkia." Nilicheka na mimi. Nilipokata simu nikamkumbuka mama yangu. Basi nisikilize kabla hujafunga mkoba.

Miaka hiyo tuliiita miaka ya ruksa, serikali iliporuhusu watu kufanya biashara. Maduka ya Kibiti yaliyokuwa na viberiti na vumbi yalianza kujaa sabuni, vitenge na redio. Mtu mwenye akiba kidogo aliweza kununua gari lililotumika, lililoshushwa melini, na baba yako Mrisho akawa mmoja wao. Aliacha ualimu, akanunua pikapu, akaanza kusomba nazi na korosho kutoka Bungu kupeleka Dar es Salaam. Pikapu yenyewe ilikuwa ya kiti kimoja kirefu mbele, watu watatu wakibanana, na bodi ya mizigo nyuma. Alikipenda kile kiti! Nailoni yake ya kiwandani alikataa kuitoa, ukikaa mapaja yanakunatia hapo kama ulimbo, na ole wako upande na miguu yenye mchanga.

Baba yako si mtu wa huku, unajua. Kwao ni Tabora, na alikulia kota za reli, mahali ambapo kila kabila lilileta mila yake na kuiacha mlangoni. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema ili usije ukamhukumu.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Nyamisati, kwenye bandari ya mitumbwi. Dada yake mama, Bi Mwajuma, alikuwa akiishi Mbwera, ndani huko kwenye delta, kati ya mikoko na mashamba ya mpunga. Mama alikuwa ameolewa huku juu, goti likamharibika, mtumbwi ukamshinda. Bi Mwajuma naye alikuwa mzee, hawezi safari ya nchi kavu. Miaka ikapita wakitumiana salamu tu kwa watu wa boriti, wale wanaokata mikoko na kuiuza. Baba yako aliposikia habari hiyo akasema, "Gari lipo, petroli ipo, ndugu wawili wasionane kwa nini? Twende wote, tupige picha, watoto waone bahari." Akapeleka salamu Mbwera. Majibu yakarudi kwamba Bi Mwajuma ataletwa na mtumbwi maji yakijaa asubuhi, atatungoja Nyamisati, na maji yakianza kutoka atarudi nayo, maana mtumbwi ukikawia utakaa kwenye tope mpaka usiku.

Mama hakulala vizuri wiki nzima. Safari ya matembezi alikuwa hajawahi kuisikia. Watu wa kwetu walisafiri kwa msiba, harusi au mgonjwa. Aliponiuliza tunakwenda Nyamisati kufanya nini na nikamwambia kuonana na dada yake tu, tukale, tutazame maji, turudi, alinitazama kama ninayemficha kifo cha mtu. Alipoamini, akatoa sandukuni doti ya kanga mpya aliyoitunza, akabangua korosho kikapu kizima, akanunua sabuni za kunukia ambazo Mbwera hazijafika. Asubuhi hiyo alivaa kabla ya adhana.

Sasa sikiliza. Baba yako akafungua mlango wa mbele. Akapangusa kiti kwa leso yake. Akasema kwa furaha, "Mama, karibu mbele," na ili kumsaidia kwa lile goti, akamshika kiwiko.

Mwanangu, nadhani wewe huoni kosa hapo. Kwetu sisi Wandengereko mkwe na mkwe hawakaribiani. Mume wa binti yako ukikutana naye njiani unapisha, naye anapisha. Hamli sahani moja, hamkai jamvi moja, hamtazamani usoni, na kugusana ndiyo kabisa. Hakuna ugomvi ndani yake, ni heshima iliyojengewa ua. Baba yako aliyajua haya kwa kusikia, akadhani ni mambo ya kijijini ambayo gari linaweza kuyaruka.

Mama hakupiga kelele. Alivuta kanga akafunika uso, akageuka, akarudi ndani, akakaa jamvini. Na kikapu chake akakiweka mbele yake.

Nikamfuata. "Mama, ni kiti tu."

"Najua ni kiti."

"Mrisho anakuheshimu. Ametaka ukae pazuri. Mambo hayo ya kupishana yamepitwa, siku hizi ruksa."

Akainua uso. "Somoe, hiyo ruksa ni ya kuuza na kununua. Mimi niko dukani?"

Nikatoka nje, nikamwambia baba yako mama atakaa nyuma, kwenye bodi, na wajukuu. Naye akakasirika. "Nyuma? Nimpakie mama yako kama gunia la nazi? Nipite naye sokoni watu wa Kibiti wote wanaona mimi nimekaa kivulini na mzee yuko juani? Watasema yule mtu wa bara hana adabu." Na kweli wangesema, maana Kibiti kusema hawajambo.

Hapo ndipo ilipokuwa taabu yenyewe. Watu wawili, kila mmoja anapigania heshima, na heshima ya huyu ni aibu ya yule. Mimi mguu ndani mguu nje, natumwa maneno kama mtoto wa dukani. Mama alikuwa hasemi naye moja kwa moja, ingawa dirisha lilikuwa wazi na kila mmoja alimsikia mwenzake. "Mwambie mwenzio, nyuma kuna upepo mzuri." "Mwambie mama, vumbi litamuua." "Mwambie mwenzio, vumbi nimelizoea kabla yeye hajazaliwa." Kaka zako wakaanza kulia njaa, tukafungua vitumbua vya safari kabla ya safari. Jua likapanda. Baba yako hatimaye akazima gari kuokoa petroli, na aliposikia gari limezimwa, mama akatoka. Akachukua kigoda, akakanyaga, akapanda bodi mwenyewe, goti likilia, hakuna aliyethubutu kumshika. Akatandika mkeka, akajifunika, akasema, "Twendeni, maji hayamngoji mtu."

Tukaondoka. Baba yako amenuna, mimi nimenuna, nailoni inatunatia. Kwa kuogopa kumtikisa mama akaendesha polepole kama anayebeba mayai. Tulipofika Bungu, pale unapoiacha barabara kuu kufuata bahari, akasimamisha tena. Akashuka, akaenda nyuma, akasema kwa upole, "Mama, kutoka hapa njia ni mbaya sana. Nakuomba uje mbele. Mimi nitamtafuta mtu aendeshe, nikae nyuma."

Akamtafuta kweli. Akazunguka vibandani akiuliza nani ana leseni. Wangapi Bungu walikuwa na leseni miaka ile? Alizunguka mpaka mama akaniita. "Mwambie mwenzio, mimi nimekaa vizuri. Kinachoniumiza ni huku kusimamasimama. Dada yangu anangoja."

Njia ya kwenda Nyamisati ilikuwa nzuri, mwanangu, siku nyingine ningekueleza kwa raha. Mikorosho imeinamisha matawi mpaka chini, halafu minazi, halafu ardhi inashuka, harufu inabadilika, unaanza kunusa chumvi na tope. Pale juu kabla ya kushuka, ghafla ukauona mkono wa bahari umelala kati ya mikoko, kijani huku na kijani kule, na maji katikati yanang'aa. Kaka zako wakapiga kelele. Baba yako akasahau kununa, akataka kusimama apige picha. Nikageuka nikamtazama mama kwa kioo cha nyuma. Alikuwa amesimama kwenye bodi, ameshika chuma, hatazami uzuri wowote. Alikuwa anatazama rangi ya tope kando ya maji. Mtu wa delta akiona tope bichi linang'aa anajua saa bila kuuliza.

"Usisimame," nikamwambia baba yako. "Maji yameanza kutoka."

Tulipofika, Bi Mwajuma alikuwa ameshashuka, ameshakaa, ameshangoja, na ameshapanda tena. Mpiga kasia alikuwa amesogeza mtumbwi mpaka ukingo wa mkondo usije ukakwama, naye bibi ameketi ndani, kilemba cheupe, mkono umeinuliwa juu ya macho anatutafuta. Kati yake na sisi palikuwa na tope jeusi la mikokoni, lile linalomeza mguu mpaka gotini na kukataa kuurudisha.

"Zuhura!" akaita.

"Dada, ndiyo mimi!"

Walikuwa wanaonana, wanasikilizana, na hawafikiani.

Kijana mmoja mpakiaji wa boriti akachuchumaa mbele ya mama. "Bibi, panda mgongoni, nikufikishe sasa hivi." Mama akakataa. Akasema, "Baba, mtu hubebwa utotoni na siku ya jeneza. Hapo katikati natembea." Akavua kandambili, akatia mguu. Tope likaushika. Goti likampinda, nikamdaka kabla hajaanguka.

Baba yako alikuwa tayari ameshakunja suruali. Alikuja mbio, mikono mbele, kumnyanyua. Nilimwona. Na nilimwona akifika hatua ya mwisho akasimama. Mikono ile ikabaki hewani, kisha akaishusha. Sijui alifikiri nini, hakuwahi kunieleza sawasawa. Aliniuliza mimi, tena kwa sauti ya chini kabisa: "Muulize mama, nimfanyie nini?"

Tangu asubuhi, mwanangu, hilo lilikuwa swali la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa anatoa tu bila kuuliza.

Nikamuuliza mama. Akaangalia huku na huku, akanyoosha kidole kwenye lundo la boriti zilizopangwa kando zikingoja chombo. "Mwambie mwenzio, nataka njia."

Baba yako akamwendea mwenye boriti, mzee mkali aliyekuwa anakunywa chai, akamwomba amwazime. Mzee akasema mali yake itachafuka. Baba yako akasema ataiosha yeye mwenyewe. Mzee akamtazama viatu vyake vya Dar es Salaam, akacheka, akakubali. Basi mume wangu, mwalimu aliyekuwa hataki mchanga kwenye gari lake, akaingia tope mpaka mapajani, akaanza kulaza boriti, mbilimbili, akizikandamiza kwa kifua zisiyumbe. Wapakiaji kwanza walimcheka, halafu wakamsaidia. Maji yakawa yanatoka, naye anayafuata kwa boriti. Alipofika karibu na mtumbwi, alitoka pembeni, akasimama humohumo topeni, akatupa mgongo, akaangalia mikoko.

Mama akapita. Mkono wake mmoja begani kwangu, mwingine ameshika kikapu. Alitembea kwa miguu yake. Mwisho wa boriti akakaa, miguu majini, na Bi Mwajuma akajivuta ukingoni mwa mtumbwi, wakashikana mikono.

"Umezeeka, Zuhura."

"Na wewe meno umeyapeleka wapi?"

"Nimeyaacha Mbwera, yananingoja."

Wakacheka mpaka wakalia. Wakapeana vitu, kanga, korosho na sabuni huku, kamba wakavu na mchele mpya kule. Wakaulizana waliokufa. Bi Mwajuma akaonyesha kwa kidevu. "Yule aliyetupa mgongo ni nani?"

"Mkwe."

"Ana adabu huyo."

"Kaanza leo," mama akasema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ambayo hata mikoko iliisikia, "Somoe, mwambie mwenzio, sasa ndiyo amenipa kiti."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Bado ametupa mgongo, nikamwona anainamisha kichwa.

Hawakukaa sana. Mpiga kasia alivumilia, akavumilia, halafu akasema, "Bi Mkubwa, maji." Mtumbwi ulikuwa umeanza kugusa chini. Wakaachana vidole kwa vidole. Bi Mwajuma alikaa akitazama nyuma mpaka mkondo ulipopinda, na mama alikaa pale mwisho wa boriti mpaka hata miguu yake ikawa haiko majini tena, iko kwenye tope tupu.

Kurudi, mvua ya kwanza ya vuli ikatukamata kabla ya Bungu. Baba yako akasimamisha gari. Alikaa tu na mikono kwenye usukani. Nikashuka, nikamuuliza mama. Akafikiri kidogo, akasema, "Funga kanga hapo katikati." Basi tukafunga kanga kutoka darini mpaka kitini. Baba yako upande mmoja, mama upande mwingine, mimi katikati gia iko magotini, kila ikibadilishwa naruka, na kaka zako chini ya turubai nyuma wanaimba. Njia nzima mama alizungumza na mimi, lakini najua hakuwa anazungumza na mimi. Alisimulia walivyokuwa watoto, mafuriko yakaja, Mwajuma akambeba mgongoni usiku akampandisha dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, akamwambia usilie, mimi niko chini. Upande wa pili wa kanga nikasikia mtu anapenga kamasi.

Wale ndugu hawakuonana tena, mwanangu. Masika iliyofuata watu wa boriti walileta habari kwamba Bi Mwajuma amezikwa. Mama aliipokea kama watu wa zamani walivyopokea habari, akaomba maji ya kutawadha. Lakini baba yako alitoka nje akaenda kukaa ndani ya gari, mlango wazi. Nilipomfuata akaniambia, "Kile kiti, Somoe. Asubuhi yote ile tuliyobishania kiti, hapa nyumbani na kule Bungu. Ilikuwa ni yao." Akaitoa ile nailoni siku hiyohiyo, akaichana vipandevipande. Mama hakuwahi kumlaumu, hata mara moja, na nadhani ndiyo maana baba yako alijilaumu mpaka mwisho wa maisha yake.

Basi nisikie vizuri. Watu husema mwacha mila ni mtumwa, na wengine husema mila zimepitwa. Mimi sikuamulii. Ninachokuambia ni kwamba heshima si kitu unachokipenda wewe ukampa mwingine. Ukimpa mtu heshima kwa kipimo chako, unaweza ukamvua nguo hadharani huku unadhani unamvisha. Kuuliza si ujinga, nayo ni njia fupi kuliko zote: kungetuchukua muda wa kuchovya kitumbua kwenye chai, na wale ndugu wawili wangekaa pamoja mpaka wachoke. Mzee anapokataa kitu kizuri, usikimbilie kusema ni mkaidi. Kaa kitako, muulize anataka njia gani, kisha ingia topeni uilaze. Na usisahau kwamba unapobishana na mzee, muda mnaoutumia si wako, ni wake, na alionao ni mchache.

Mungu awajalie, wewe na mwenzio, safari zenye kufika na nyumba yenye kusikilizana. Awape watoto watakaowauliza kabla ya kuwashika mkono. Daraja la kuvukia mto lipo siku hizi, lami ipo mpaka Kilwa, hakuna tope la kutuchelewesha ila lile tutakalojitengenezea wenyewe.

Haya, Jumamosi mje mapema. Mimi si mama yangu, na kanga ya kufunga katikati sina haja nayo. Mwambie mwenzio, nitakaa mbele. Ila aniulize kwanza.